Live Oblivion niliyoinunua, duka lililoniuzia, na yule mzee wa kwenye foleni

Hii nilitaka kuiandika usiku uleule nikashindwa, mikono ilikuwa inatetemeka, nikasema ngoja hasira zishuke kwanza. Imepita miezi kadhaa sasa, hazijashuka, kwa hiyo naandika nazo hivyohivyo. Naanza na nyota moja kwa duka. Santuri yenyewe nitaifikia.

Naishi mji mmoja huku kaskazini mwa Uingereza, na jina la duka silitaji. Ni duka la santuri zilizotumika, dogo, limejaa mpaka kwenye ngazi, na kwa muda mrefu ndo palikuwa pahali pangu pa kupumulia nikitoka shifti. Sijawahi kugombana na mtu pale. Sasa siku hiyo nimetoka kazini asubuhi sijalala, nikasikia wamepokea mzigo wa jazi-roki ya miaka ya 70 kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama nyumba, nikaenda moja kwa moja na yunifomu yangu. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu, Live Oblivion Volume 1 ya Brian Auger na bendi yake ya Oblivion Express, ile waliyorekodi jukwaani kwenye klabu ya Whisky a Go Go, Los Angeles, ikatoka 1974. Nyimbo nne tu. Nimeitafuta miaka.

Kaunta alikuwepo kijana ambaye sijawahi kumwona. Nikamsalimia, nikauliza kistaarabu kabisa kama kwenye ule mzigo kuna kitu cha Brian Auger. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akanyoosha kidole kule nyuma: "Muziki wa Kiafrika uko mwisho kabisa, karibu na stoo." Nikadhani hajanisikia vizuri. Nikarudia, Auger, yule mpiga Hammond, kile kinanda cha umeme. Ndo akaweka kalamu chini akaniuliza, "Kwani unamjua huyo ni nani?"

Jamani. Nipo dukani, hela iko mfukoni, nafanyiwa mtihani.

Na nikaufanya, ndo kitu kinachoniuma mpaka leo. Nikamwambia huyo ni mtoto wa London aliyezaliwa 1939, alikuwa anapiga piano ya jazi mpaka wasomaji wa Melody Maker, gazeti la muziki la Uingereza, wakampa namba moja mwaka 1964, halafu akamsikia Jimmy Smith wa Marekani akahamia kwenye Hammond. Nikamwambia 1965 alikuwa kwenye bendi ya Steampacket pamoja na Long John Baldry, Rod Stewart na Julie Driscoll, na ile harpsikodi, kinanda cha nyuzi cha kizamani, kwenye wimbo wa For Your Love wa Yardbirds ni mikono yake yeye. Nikamwambia Jimi Hendrix alipotua London 1966, hata wiki haijaisha, alipanda jukwaani kupiga na bendi ya huyu huyu Auger. Nilikuwa naongea haraka haraka, sauti imepanda, watu wamegeuka kuniangalia, mtu mzima najitetea kwa nini napenda ninachokipenda. Jamaa akasema tu, "Sawa, umesoma." Umesoma! Kama vile mtu mweusi hawezi kufikia muziki huu kwa masikio, mpaka asome.

Halafu hebu fikirini, huyo Auger mwenyewe kazi yake yote imesimama juu ya Jimmy Smith, Herbie Hancock, Wes Montgomery, Eddie Harris, Marvin Gaye, watu weusi watupu, na hajawahi kuficha, nyimbo zao amezipiga maisha yake yote na majina yao yapo kwenye makava. Sasa nani hapo alitakiwa kupelekwa karibu na stoo?

Niseme kidogo nilikotokea maana wengine mtashangaa mtu wa Moshi na Hammond wapi na wapi. Kwetu ukitaja jazi mtu anakuelewa kivingine, anawaza Morogoro Jazz na gitaa la Mbaraka Mwinshehe, yaani jazi ni bendi ya dansi, na mimi hiyo nimekulia nayo redioni na naipenda. Ila kinanda nilikipata kanisani. Usharikani kwetu kulikuwa na kinanda cha kukanyaga, kile cha kupuliza upepo kwa miguu, mwalimu wa kwaya alikuwa anakikanyaga mpaka shati linalowa, na mimi nilikuwa nakaa benchi la mbele si kwa ajili ya mahubiri, ni kwa ajili ya ile ngurumo ya chini inayoingia kwenye mbao za benchi ikakupanda mgongoni. Nilipokuja kusikia Hammond mara ya kwanza, nimeshakuwa mtu mzima, niliitambua ileile ngurumo. Na kumbe Hammond nayo ilipoanza kuuzwa 1935 wateja wake wakubwa walikuwa makanisa, yale yasiyoweza kumudu kinanda cha mabomba, halafu ndo ikatoka kanisani ikaingia vilabuni. Kwa hiyo sijaokota kitu cha watu barabarani. Nimefuata sauti.

Haya turudi dukani. Santuri ilikuwepo. Akaitoa kwenye boksi chini ya kaunta, kava limechakaa pembeni lakini zima, pauni 22. Nikaomba aitoe niione kwenye mwanga, kitu cha kawaida kabisa pale, nimefanya hivyo mara mia. Akasema hawatoi santuri nje ya kava, sera ya duka. Nikalipa. Nilitakiwa kuondoka pale pale, najua, ila mtu umetafuta kitu miaka na sasa kiko sentimita 30 mbele ya uso wako, unalipa.

Nikiwa bado naweka risiti mfukoni akaja kijana mwingine, mzungu, na santuri ya bendi gani sijui, na jamaa yuleyule akawasha taa ya mezani, akaitoa sahani kwenye kava kwa vidole viwili, akaigeuzageuza mbele yake, "angalia hapa ina kamkwaruzo kadogo, nikupunguzie pauni mbili."

Sikusema kitu. Koo lilikuwa limekauka. Aliyesema ni mzee mmoja nyuma kwenye foleni, mzee wa Kiingereza, koti refu, mfuko wa viazi mkononi, akamwambia kijana wa kaunta, "Mwonyeshe na huyu bwana santuri yake kama ulivyomwonyesha mwenzake." Jamaa akajifanya yuko bize na mashine ya kadi. Mimi nikatoka.

Yule mzee akanikimbilia nje, kwa viatu vyake vile na baridi ile. Nilidhani anataka kuomba radhi kwa niaba ya taifa zima, wapo wa hivyo, lakini hapana, alitaka kujua kitu kimoja: nimenunua Volume 1 au 2? Nikamwonyesha. Akaishika kava kwa mikono miwili. Akaniambia aliwaona Oblivion Express miaka ya 70, mara mbili, na anachokikumbuka kwanza kabisa si muziki, ni vijana wanne wanapandisha Hammond ngazini kabla ya shoo, kitu kina uzito wa zaidi ya kilo 180, wanatukana, wanapumzika kila ngazi ya tatu, na yeye na wenzake wamesimama kwenye mvua wanaangalia wakijua kwamba mtu anayekubali kusafiri na mzigo kama ule kila usiku hajaja kutania. Halafu akaanza kuniimbia. Pale pale kituo cha basi. Siyo maneno, ni solo ya kinanda, anaiimba kwa mdomo nota kwa nota, mkono wa kushoto unapiga besi hewani, miaka hamsini imepita na anayo yote kichwani! Tukasimama nafikiri dakika arobaini. Basi langu likapita mara mbili. Akaniandikia namba yake nyuma ya risiti yangu.

Nimefika nyumbani nikaoga, nikaweka santuri. Upande wa kwanza safi, kelele za hapa na pale kama kawaida ya kitu cha zamani. Upande wa pili unaishia na Truth. Huu wimbo upo pia studio, kwenye Second Wind ya 1972, na ni mzuri, ila ile ya studio ni kama picha ya kitambulisho, ni yeye lakini amekaa wima. Huu wa jukwaani ni mtu mwenyewe anatembea. Alex Ligertwood anaimba kama mtu anayedai haki yake, yule ambaye baadaye alikwenda kuimba na Santana, Steve Ferrone kwenye ngoma, Barry Dean kwenye besi, Lennox Langton kwenye tumba, halafu wanampisha mwenye kinanda. Na Auger haanzi na makelele. Anaanza chini, nota mbili tatu, anaacha nafasi, unasikia ile spika ya Leslie inazungusha sauti polepole, anavuta vile vijiti vya kinanda kimoja kimoja sauti inanenepa, Ferrone anamsogelea, wanapanda, wanapanda, na kuna pahali unajua kabisa sasa hivi ataachia Leslie izunguke kwa kasi na chumba kizima kitainuka

na hapohapo sindano ikaruka ikarudi nyuma.

Ikapanda tena. Ikarudi. Ikapanda. Ikarudi. Kinanda kinapiga kipande kilekile, mlango haufunguki. Nikaitoa sahani nikaipeleka dirishani, mkwaruzo mrefu kama ukucha, unaonekana hata bila miwani. Taa ya mezani ingeuonyesha kwa sekunde moja.

Nilikaa sakafuni. Mtu mwingine ataniambia si usikilize kwenye simu, ipo, ndiyo ipo, nimeisikiliza huko mara nyingi. Lakini sisi tuliozaliwa mbali na tuliochelewa hatukupata ule usiku. Hatukusimama mvuani kuangalia Hammond inapandishwa ngazi. Santuri ya wakati ule ndo kitu pekee cha kushika mkononi kilichotoka kwenye ule usiku, na mimi changu kimekatwa pale pale pa utamu na mtu aliyeamua kwa kuniangalia usoni kwamba mimi sistahili kuwashiwa taa.

Kesho yake nikarudi. Akaniambia kilichotumika hakirudishwi na umeshakipiga, halafu akaongeza, "Labda sindano yako ni ya bei rahisi." Nikamuuliza mwenye duka yuko wapi, akasema hajui. Nikaondoka kabla sijafanya jambo la kunifukuzisha nchi. Kwa hiyo kama mnauliza huduma, nyota moja, na msiende, na mkienda mwambieni awashe taa, msilipe kabla.

Wiki kama mbili baadaye nikampigia yule mzee. Sikutaka kulalamika, nilitaka tu kumwambia mtu anayeelewa. Akasema njoo Jumapili. Nyumba ndogo, anaishi peke yake, pleya ya zamani kuliko mimi, na hiyo santuri anayo, kainunua ilipotoka. Akanikalisha kwenye kiti kimoja katikati ya chumba, yeye akasimama. Hakusema neno mpaka Truth ilipofika pale. Mimi nilikuwa nimeshashika mikono ya kiti, mwili umezoea ule mkwaruzo, nasubiri irudi nyuma. Haikurudi. Leslie ikashika kasi, kinanda kikapasuka, vioo vya kabati lake vikalia, na kifuani ikanipiga ileile ya benchi la mbele la usharika, ileile kabisa, nikasikia machozi. Nikamwangalia mzee, naye amefumba macho, mkono wa kushoto unapiga besi hewani.

Akaniambia baadaye kwamba Auger aliendelea hivyohivyo hata baada ya kupita miaka 70, mwanawe Karma kwenye ngoma, binti yake Savannah akiimba, na wale wazee wenzake wa miaka ileile bado walikuwa wanapanda treni kumfuata. Nikamuuliza kwa nini yeye anafuata, nyimbo si zilezile. Alinishangaa. Akasema hajawahi kusikia wimbo mmoja mara mbili kutoka kwa yule mtu, jina tu ndo linafanana.

Sasa nyota. Santuri ni tano, hata yangu iliyokwaruzwa ni tano, nimekataa kuiuza. Duka nimesema moja. Ila kusema kweli nimeshindwa kuiacha hapo, maana bila lile duka na ile foleni nisingempata mzee, na siwezi kukaa Jumapili kwenye kiti chake huku naomba duka lifungwe. Basi weka mbili. Hapana. Nikikumbuka kile kidole kinachonyooshwa kule nyuma inarudi moja. Yule kijana namwondolea yote. Na ukija mzigo mwingine wa miaka ile nitakwenda, najijua, nitakwenda na tochi yangu.

Ile Jumapili santuri ilipoisha mzee alisimama kando ya pleya, sahani bado inazunguka, akauliza kama nina haraka. Nilitakiwa kazini saa mbili usiku, na saa moja ilishagonga. Nikamwambia geuza, tuanze upande wa kwanza.