Darasa la wazee, jimu ya ghorofani Sinza: nyota nne

Kwa mwenye mzazi anayeanza kushika ukuta akitembea, mpeleke hapa. Darasa lipo Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa mbili asubuhi, Sh 7,000 kwa kipindi. Mimi nampeleka mama yangu, ana miaka 76, presha ipo ila dawa anameza bila kusukumwa.

Kilichonivutia ni vyuma. Tulikokuwa tunakwenda zamani wazee walikaa kwenye viti vya plastiki wakinyanyua chupa za maji za nusu lita, miezi inapita na chupa ni zile zile. Mama alipenda yale maongezi, lakini akirudi nyumbani bado aliinuka kwenye kochi kwa kujisukuma na mikono yote miwili. Kikapu anachotoka nacho sokoni ni kizito kuliko ile chupa! Misuli itapata wapi kazi?

Hapa kocha alianza kwa kutafuta uzito wa juu kabisa ambao Mama anaweza kuunyanyua kwa mguu mara moja, akapangia mazoezi kutoka hapo. "Shikamoo Mama, leo tunaanza na wa kulia." Anamkalisha kwenye mashine ya kunyoosha goti, anachuchumaa pembeni na kuhesabu naye: kupandisha kwa hesabu mbili, kushusha taratibu, wala chuma kisigonge. Mama akibana pumzi anasimamishwa palepale, kwa sababu ya ile presha. Mara nane, anapumzika, anarudia, seti tatu. Siku akimaliza ya nane huku anapiga stori, kilo zinaongezwa. Sasa kwenye kochi anainuka mikono ikiwa kifuani.

Nilipomuuliza kocha kama si hatari kumpa mzee mzigo mkubwa hivyo, alinitajia utafiti wa daktari Maria Fiatarone, nami nikaenda kuusoma. Mwaka 1990, yeye na wenzake walichapisha matokeo kutoka nyumba ya kutunzia wazee huko Boston, Marekani. Walichukua wazee dhaifu 10 wa miaka 90 hivi, wakawapa mzigo unaofika asilimia 80 ya uwezo wa kila mmoja, mara tatu kwa wiki kwa wiki nane. Tisa waliomaliza waliongezeka nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 174, na wawili wakaacha kutembelea mkongojo. Miaka tisini, jamani!

Misuli ya katikati ya paja ilinenepa kwa asilimia 9 tu, kwa hiyo usikate tamaa ukiona mguu wa mzazi wako haujajaa. Sehemu kubwa ya nguvu za mwanzo hutoka kwenye mishipa ya fahamu, ambayo inajifunza kuamsha nyuzi nyingi zaidi za misuli kwa pamoja.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mbili. Ngazi ni kali na kona ya pili haina pa kushika. Darasa la wazee lenye ngazi ya namna ile ni kuwatafutia kuvunjika nyonga kabla hawajafika kwenye mashine, na nimemwambia meneja hivyo hivyo. Pili, mapokezi wanawakazania wazee wanunue makopo ya unga wa protini. Mwaka 1994 timu ile ile ya Boston ilichapisha utafiti wa wazee 100, wastani wa miaka 87. Baada ya wiki kumi, waliofanya mazoezi waliongezeka nguvu kwa asilimia 113, wasiofanya asilimia 3. Kinywaji cha lishe kilichotolewa bila mazoezi hakikuongeza nguvu. Mzee anahitaji protini, sikatai, na Mama anaipata kwenye dagaa, maharage na mayai. Kumuuzia kopo mtu anayeishi kwa pensheni ni jambo ambalo sijalipenda hata kidogo.

Ukienda, beba majibu ya presha ya karibuni na orodha ya dawa, kocha anaviuliza siku ya kwanza. Viatu viwe vya kufunga, kandambili hawaruhusu. Kina mama wengi wanavaa dera na suruali ndani, na mashine hazisumbui. Piga simu kabla, maana mashine ya goti ni moja na foleni yake inaanza mapema.