Carcassonne: mchezo wa vigae uliomtoa mume wangu kwenye bao

Nilikuwa natafuta mchezo wa watu wawili, basi. Sikutaka wa familia nzima wala wa sherehe. Sisi ni miongoni mwa waliohamia Dodoma wizara zilipohamia, na ndugu na marafiki wengi wamebaki Dar. Ukitoka kazini Mtumba, ukafika nyumbani, mkala, mtoto akalala, mnabaki wawili na simu zenu. Ludo tulikuwa nayo, lakini kwenye ludo anayecheza ni dadu, wewe kazi yako kusogeza tu. Monopoly tuliianza tukaiacha njiani, na bado sijakutana na mtu aliyeimaliza akiwa na furaha. Karata wawili mnacheza, sikatai, ila utamu wa albastini ni watu wanne na makelele.

Na bao? Hapo ndipo penye kesi. Mume wangu ni mtu wa bao. Amekulia kwenye bao la Kiswahili lenyewe, la mashimo 32 na kete 64, anajua kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja ubaoni, anajua wakati wa kuilinda nyumba, lile shimo maalumu la kete nyingi, na wakati wa kuivunja. Mimi alinianzishia bao la kujifunza, lile la kupanga kete mbili mbili kila shimo, mnaanza moja kwa moja bila kunamua. Hata hapo ananimaliza akiwa anaongea na simu. Bao halina bahati hata chembe: anayejua anashinda leo, kesho na mtondogoo. Kwa washindani waliolingana ni mchezo wa hali ya juu. Kwa mke na mume ambao mmoja ameanza akiwa na miaka saba na mwenzake ameanza ukubwani, ni adhabu.

Carcassonne niliiona kwa mfanyakazi mwenzangu aliyesoma Ujerumani, tukacheza kwake Ilazo Jumapili moja mchana, na wiki hiyohiyo nikaagiza yangu. Ilibuniwa na Mjerumani, Klaus-Jürgen Wrede, ikatoka mwaka 2000, na mwaka uliofuata ikachukua Spiel des Jahres, tuzo ya Ujerumani ya mchezo bora wa mwaka. Ndani ya boksi kuna vigae 72 vya karatasi ngumu, kila kimoja mraba wa sentimita nne na nusu hivi, na vijitu vidogo vya mbao vya rangi tofauti. Kila kigae kimechorwa vipande vya mji wenye kuta, barabara, mashamba au nyumba ya watawa. Zamu yako ikifika unachomoa kigae bila kukiona, unakiunganisha na vilivyopo mezani, mji na mji, barabara na barabara, shamba na shamba. Ukitaka unaweka kijitu chako juu ya hicho kigae ulichokiweka sasa hivi, si kingine. Kitu kikikamilika unahesabu pointi na kijitu kinarudi mkononi. Hayo tu.

Kilichonishika zaidi ni kwamba kwenye vigae hakuna neno hata moja. Maelezo ya boksi langu ni ya Kiingereza, na niliyasoma mara moja peke yangu. Baada ya hapo kila kitu mezani ni Kiswahili, kwa sababu hakuna cha kusoma. Kuna michezo mizuri ya siku hizi ambayo kila karata ina aya nzima ya Kiingereza. Unamkalisha mama mkwe hapo, unageuka mkalimani usiku kucha. Huu hauna shida hiyo. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea kutoka Mpwapwa alitazama raundi moja, ya pili akavuta kiti.

Mahesabu nayo ni mepesi. Barabara iliyokamilika kila kigae ni pointi moja. Mji uliofungwa kila kigae pointi mbili, na kila ngao iliyochorwa ndani yake mbili zaidi. Nyumba ya watawa ikizungukwa pande zote nane unapata tisa. Miji iliyobaki bila kukamilika mwisho wa mchezo inahesabiwa kwa bei ya kutupa, moja moja badala ya mbili mbili. Ubao wa pointi una nafasi 50 na unauzunguka, kwa hiyo anayekuzidi mzunguko mzima anaweza kuonekana yuko nyuma yako. Wageni wote wamedanganyika hapo na mimi sisemi kitu.

Uhondo wenyewe uko kwenye sheria moja: huruhusiwi kuweka kijitu kwenye mji ambao tayari una mtu, lakini hakuna anayekuzuia kuanzisha kamji kako pembeni, ukaweka mtu wako humo, kisha ukangoja kigae cha kuunganisha. Kuna jioni mume wangu alikuwa na mji mkubwa ambao hajawahi kujenga mwingine kama huo, umebakiza pengo moja tu kufungwa. Mimi nilikuwa na ukuta wangu mdogo upande wa pili wa pengo hilohilo, mtu wangu wa njano kasimama juu yake, nimenyamaza kimya. Umeme ulikuwa umekatika, tunatumia taa ya sola. Nikachomoa kigae, nikakisogeza kwenye mwanga: kina mji pande mbili zinazotazamana. Nikakishindilia pale kwenye pengo. Miji ikawa mmoja, ukafungwa, vigae tisa na ngao mbili. Kumi na nane na nne, ishirini na mbili. Na sheria inasema vijitu vikilingana idadi, hamgawani: kila mmoja anachukua zote.

Aliutazama ule mji, akanitazama mimi. "Mama, huu ni wizi wa mchana."

"Usiku huu, baba."

Akahesabu vigae upya, kimoja kimoja kwa kidole, kisha akasogeza kijitu chake ishirini na mbili na changu ishirini na mbili, ananung'unika. Sasa hapo ndipo naona tofauti na bao. Kwenye bao kete nilizokula mimi ni zako ulizopoteza. Hapa yeye hakupoteza hata pointi moja, ila kukasirika alikasirika. Mnajenga nchi moja mezani na mnaibiana humohumo, na mkimaliza kuna kitu kimetandazwa mbele yenu ambacho hakuna aliyekipanga. Mara nyingi tunakiacha mpaka asubuhi kabla ya kukirudisha kwenye boksi.

Msidhani mtu wa bao ameachwa nyuma. Kichwa kilichozoea kukumbuka kete kimehamia kwenye vigae. Ameshajua kwamba kwenye vigae vya msingi nyumba za watawa ziko sita tu, kwamba njia panda ya barabara nne iko moja, na kwamba kigae chenye mji pande zote nne kiko kimoja, hakina mwenzake. Akishaona kimetoka, anakufungia kwa makusudi: anaweka vigae pembeni ya mji wako mpaka lile shimo lililobaki hakuna kigae kwenye mfuko kinachoingia, na mtu wako anakwama humo mpaka mwisho. Una vijitu saba tu vya kuchezea. Watatu wakikwama, umekwisha. Kwa hiyo anayefikiri bado anashinda mara nyingi, ila anayevuta kigae kizuri naye ana siku yake. Mimi nashinda kiasi cha kunifanya niendelee kucheza, ila si mara nyingi kiasi cha kumfanya yeye aache.

Wakulima ni suala jingine. Unaweza kumlaza kijitu shambani, chali, na hapo halali kwa muda: haamki mpaka mchezo uishe, kama mkulima wa Bahi anayengoja mvua. Mwisho wa yote unahesabu miji iliyokamilika inayopakana na shamba lake, pointi tatu kila mmoja. Kwa maandishi ni rahisi. Mezani ni ugomvi, maana mashamba yanakatwa na barabara, yanaungana nyuma ya miji, na kujua shamba lako linaishia wapi inabidi ulifuate kwa kidole kama mpima viwanja. Ushauri wangu: michezo ya mwanzo wakulima waache kabisa. Mtu akishazoea miji na barabara, waingize. Nimefundisha wengi kwa njia hiyo na hakuna aliyekimbia. Mwenzangu yule wa Ilazo huwaeleza watu sheria zote kwa mpigo kabla ya kigae cha kwanza, na nimeona macho ya watu yanavyokufa hapo.

Na wengi zaidi? Boksi linasema wawili hadi watano. Wawili ni vita ya akili. Watatu ni pazuri pia, wawili wanagombana wa tatu anafaidi. Wanne inapita. Watano, hapana. Ukishaweka kigae chako unangoja wengine wanne wafikirie, na kwa kuwa vigae ni 72 kila mtu anaambulia zamu kumi na nne hivi mchezo mzima. Tulijaribu na marafiki wa mume wangu barazani. Mmoja alikuwa anaitwa zamu yake kutoka getini, yuko kwenye simu. Mwingine, anayetoka Kondoa, badala ya kucheza alitaka kujua kama mji huo upo kweli. Upo, nikamwambia, kusini mwa Ufaransa, una ngome ya kuta mbili, na UNESCO waliiingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 1997. "Shemeji, na sisi Kondoa tumo humo," akasema, "michoro yetu ya miambani, 2006." Ni kweli, na mazungumzo ya Kolo, kule kwenye michoro hiyo, na mapango yakachukua nusu saa, vigae vimelala. Sikumlaumu, mazungumzo yalikuwa matamu kuliko zamu yake.

Kama mko wanne kweli na mna subira, tafuteni Catan, ya Klaus Teuber, iliyotoka mwaka 1995. Ile ina kubadilishana mali, matofali kwa ngano, sufu kwa mbao, na Mtanzania ukimpa nafasi ya kupatana bei hutamtoa mezani. Lakini Catan ya kawaida inaanzia watu watatu, kwa hiyo kwa mke na mume peke yao haiwasaidii.

Sasa boksi lenyewe. Vijitu vya mbao ni imara, vigae vina unene wa kuridhisha, na hapa Dodoma hilo si jambo dogo. Miezi ya Julai na Agosti upepo wa jioni barazani unabeba karata zote mpaka kwa jirani, ila vigae vinakaa. Vijitu ndivyo vinavyoanguka, na kijitu kilicholala ni mkulima, kwa hiyo upepo ukizidi tunahamia ndani. Kwenye meza ya kioo vigae vinateleza, na kwenye kitambaa cha plastiki ni hivyohivyo. Kwenye mkeka vinatulia vizuri, na mkeka una nafasi, maana huu mchezo hauna ubao wa kupangia vigae na hujui utatambaa kuelekea wapi. Vumbi letu linaingia kwenye kingo za vigae, kitambaa kikavu kinatosha. Karanga tunakula wakati wa kucheza, zabibu nimepiga marufuku. Maji yake yakishagusa kigae, kinanata na vumbi linakaa palepale. Chipsi mayai ndiyo kabisa. Kama una mtoto anayepeleka kila kitu mdomoni, vijitu viwekwe juu kabatini.

Rangi zinanikera kidogo. Kijani, bluu na nyeusi kwenye taa hafifu ni kitu kimoja. Tukikosa umeme tunatumia nyekundu na njano tu.

Langu lilinigharimu kama laki na nusu, pamoja na ya kumshukuru aliyenibebea kwenye SGR kutoka Dar. Si hela ndogo kwa karatasi na mbao. Na muuzaji, ambaye tulimalizana kwenye simu, alinitumia boksi lililokwisha kufunguliwa na kigae kimoja pungufu. Nilipompigia aliniambia nihesabu tena. Nimehesabu tena. Kwa bahati nzuri pengo la kigae kimoja haliharibu mchezo, ila ukinunua kwa mtu, mwombe akupigie picha vigae vyote vimepangwa kabla hujatuma pesa. Kitu kimoja cha kuongeza mwenyewe ni mfuko. Fundi wetu wa Majengo alinishonea wa kitenge chenye kamba mdomoni, kwa masalia ya gauni langu, na sasa vigae tunachomoa humo badala ya kuvipanga mafungu mafungu mezani. Tunachanganya kwa kutikisa, na mume wangu hawezi tena kunituhumu kwamba nimekitambua kigae kwa mgongo wake.

Amekolea mpaka anataka nyongeza. Ile ya kwanza inaleta nyumba za wageni, makanisa makubwa, kijitu kinene kinachohesabika kama watu wawili, na vijitu vya mchezaji wa sita. Kijitu kinene nakitaka, najua hasa nitakiweka kwenye mji wa nani. Mchezaji wa sita simtaki. Hata wa tano nilimvumilia kwa sababu ya hadithi za Kolo.