Lenzi ya mkononi ya mara 10 kwa konokono wadogo: inafika wapi?

Kwa kazi ya kwanza ya kutambua konokono, lenzi ya kukunja yenye vioo vitatu inatosha: kuhesabu mizunguko ya gamba, kuona upana wa kitovu (tundu la chini ya gamba), kutazama meno ya mdomo, yaani vinundu vilivyo kwenye uwazi wa gamba. Kwa Gulella, jenasi ya konokono wa nchi kavu, wa misitu ya milimani, wengi wao wa milimita chache tu, idadi na mkao wa meno hayo ndiyo hoja kuu. Shika lenzi karibu kabisa na jicho, kisha sogeza gamba hadi sentimita 2.5 hivi kutoka kwenye lenzi. Lenzi ikiwa mbali na jicho, utaona kitundu tu. Tope likiziba mdomo, jino hufichika: loanisha, safisha kwa brashi laini. Sindano huvunja ukingo.

Ya mara 20 haifai sana msituni. Umbali hupungua hadi sentimita 1.2 hivi na kichwa chako chenyewe huziba mwanga.

Nakshi za ncha ya gamba zinahitaji hadubini, na viungo vya uzazi havionekani bila upasuaji. Gamba changa, ambalo mdomo wake haujakamilika, hupotosha hata mwenye lenzi bora.