Alien: Isolation kwenye simu: woga unaoingilia masikioni

Gemu nyingi za kutisha zinashtua tu. Mlango unabamizwa, sura inajaa kioo kizima, kelele inapasua masikio, unaruka, halafu unacheka. Mwili hauombi ruhusa hapo: macho yanafumba, shingo inajikunja, mabega yanapanda, na yote yanakwisha kabla hujajua umeona nini. Na mshtuko wa tano huwa hafifu kuliko ule wa kwanza. Alien: Isolation inakushika pengine kabisa. Viganja vinalowa, tumbo linakaza, pumzi inakuwa fupi, na kwenye kioo hakuna kinachotokea. Inaweza kupita robo saa bila kukuonyesha adui hata mmoja, na bado ukatamani kuiweka simu chini.

Ilitoka Oktoba 2014, kazi ya Creative Assembly wa Uingereza, ikasambazwa na Sega. Desemba 2021 Feral Interactive wakaileta kwenye Android na iPhone, na toleo hilo ndilo linalopimwa hapa. Hawakuikata: misheni zote 18 zimo pamoja na nyongeza zote 7. Unakuwa Amanda Ripley, fundi anayemtafuta mama yake ndani ya kituo cha angani kiitwacho Sevastopol, mwaka 2137, miaka 15 baada ya mambo ya filamu ya Alien ya 1979. Kituo kinakufa, watu waliobaki wanauana kwa hofu, na humo ndani limo dude moja, kiumbe wa kigeni kama yule wa kwenye filamu, ambalo haliuawi. Risasi halizijali. Moto unalifukuza kwa muda, kisha linarudi.

Uzuri wa gemu hii umo katika namna dude lenyewe lilivyoundwa. Lina vichwa viwili, yaani programu mbili zinazoliongoza, na vichwa hivyo havipeani siri zote. Cha kwanza ni msimamizi asiyeonekana, anayejua ulipo kila wakati. Yeye hulisogeza dude kwenye eneo lako, lakini haliambii umejificha kabati gani. Cha pili ni cha dude lenyewe, nacho hutegemea macho na masikio yake: ulikimbia, uligonga kitu, uliwasha tochi, ulifyatua bastola. Msimamizi ana pia kipimo cha kitisho. Dude likiwa karibu, au ukiwa unaliona, au likionekana kwenye rada yako (kifaa cha mkononi kinachoonyesha vinavyotembea), kipimo kinapanda. Kikijaa, dude linaondolewa, linaingia kwenye njia za hewa za darini na wewe unaachiwa upumue. Baada ya saa mbili za kucheza, mwili wako utaanza kulijua wimbi hilo bila kufundishwa.

Kwa hiyo huwezi kukariri. Ukiuawa ukarudia chumba kile kile, dude linaweza kuingia kwa mlango mwingine, au lisiingie kabisa. Tena linazoea mbinu zako. Mtu wa kujificha kabatini kila mara ataona makabati yanakaguliwa zaidi, na anayechoma moto ovyo atakuta siku moja dude limechelewa kukimbia. Gemu inayotisha kwa matukio yaliyopangwa huisha makali ukiimaliza mara moja. Hii haiishi makali, kwa sababu unachokiogopa ni uamuzi ambao bado haujafanywa.

Rada ya mkononi ndiyo kifaa kilichobuniwa vizuri kuliko vyote humu. Ukiinyanyua, kioo chake kidogo cha kijani kinakuja mbele na ukumbi ulio nyuma yake unageuka ukungu. Ama usome rada, ama utazame ukumbi. Vyote viwili kwa pamoja huvipati. Rada inaona kinachotembea tu, kwa hiyo dude likisimama, nukta inapotea, na kupotea kwa nukta hakumaanishi usalama. Rada haijui juu wala chini: nukta iliyo hatua chache mbele yako inaweza kuwa inapita juu ya dari. Na kosa linaloua wachezaji wengi ni kuishikilia muda mrefu, kwa sababu mlio wake unasikika na dude likiwa jirani. Inyanyue kwa sekunde moja, soma, ishushe.

Mengine ya kujua mapema. Ukiona ute unadondoka kutoka kwenye tundu la dari, dude limekaa hapo juu linasubiri. Zunguka njia nyingine. Ukiwa kabatini na likaja kunusa mlango, rudi nyuma na uzuie pumzi, lakini ukizidisha, afya ya Amanda inapungua. (Wachezaji wengi huzuia na pumzi zao wenyewe hapo bila kujua, kisha wanashangaa kifua kinauma.) Chini ya meza au kitanda ni afadhali kuliko kabati, maana unaiona miguu yake na unaweza kutokea upande wa pili. Kitoa kelele unachokitengeneza kwa vipuri kitupe karibu na watu wenye bunduki, si mbali nao. Dude litakuja kuwamaliza wao. Bomba la kurusha moto utalipata katikati ya gemu: lielekeze kwanza, subiri, na urushe kidogo tu dude likikusogelea. Mafuta yake hayatoshi kamwe.

Kusevu ndiko kunakotoa jasho kuliko yote. Hakuna kusevu popote unapotaka. Kuna visanduku vya simu ya dharura vilivyopigiliwa ukutani. Unachomeka kadi, taa tatu zinawaka moja baada ya nyingine, ndipo kazi yako inahifadhiwa. Kama adui yuko karibu, kisanduku kinakuonya, lakini hakikuzuii. Sekunde zile ukiwa umeupa ukumbi mgongo na umebeba dakika 40 za kazi ambayo haijasevuliwa, moyo unakwenda mbio kweli. Waliobuni jambo hili walielewa kwamba mtu huogopa zaidi akiwa na cha kupoteza.

Sasa simu. Google Play itakataa kukuuzia kama simu yako haiwezi, na ni vizuri hivyo. Gemu inakula zaidi ya GB 10, na wakati wa kusakinisha acha nafasi kama mara mbili ya hiyo, la sivyo itakwama. Vitufe vya kioo unaweza kuvihamisha na kuvikuza, ila vidole gumba vinafunika pembe za chini. Pedi ya Bluetooth inamaliza tatizo hilo.

Tofauti na pedi, hedifoni za Bluetooth nyingi zinachelewesha sauti kidogo, na ucheleweshaji huo unaharibu gemu hii kuliko nyingine yoyote. Unatakiwa ujue kama mshindo umetoka kwenye bati la njia za hewa au kwenye sakafu. Bati maana yake dude liko juu, una nafasi ya kutembea. Sakafu maana yake limeshuka, simama. Tumia hedifoni za waya. Spika ya simu haitenganishi vizuri kushoto na kulia, na mtu anayecheza hivyo ataishia kusema gemu haitishi na haieleweki, kumbe hajaisikia. Zima pia arifa zote: mlio wa ujumbe katikati ya ukimya wa Sevastopol unavunja kila kitu. Mwangaza wa kioo ushushe hadi giza liwe giza. Wanaoupandisha ili "waone vizuri" wanaziondoa pembe zenye kivuli, na woga wote ulikuwa umekaa humo. Simu itapata moto baada ya nusu saa hivi, kwa hiyo itoe kwenye kava na usiicheze ikiwa kwenye chaji.

Swali linaloulizwa sana ni kama inatosha kutazama mtu mwingine akiicheza kwenye YouTube. Haitoshi, na sababu ni ya wazi. Video fupi zinakata kusubiri, zinaacha kifo. Unabaki na dude linalorukia kioo mara kumi ndani ya dakika tano, yaani mshtuko mtupu, kile ambacho gemu yenyewe inakitumia kidogo sana. Isitoshe, anayetazama hana uamuzi wa kufanya, hawezi kukosea. Kutazama pamoja nako kuna tabia yake: filamu ya kutisha ikiwekwa kibandaumiza, mmoja akipiga yowe ukumbi mzima unacheka, na hofu yote inamwagika pale pale. Kwenye hedifoni, peke yako, haina pa kumwagikia.

Kama woga unakuzidi, shusha ugumu hadi ngazi ya chini kabisa, cheza mchana, na ukiwa umejificha toa pumzi taratibu kwa mdomo hadi iishe kabla ya kuvuta nyingine. Dakika 30 kwa mkao mmoja zinatosha. Si gemu ya watoto; Marekani imepewa daraja la miaka 17 na kuendelea, na taa zake zinamulika na kuzimika mno kwa mtu mwenye kifafa.

Ina kasoro, na kubwa ni urefu. Inachukua kama saa 20, na theluthi ya mwisho inakutuma kuwasha mtambo huu na kufungua mlango ule mara nyingi kupita hadithi inavyodai. Binadamu wenye silaha ni wazito wa akili, wanasimama mahali pamoja wakikungoja. Roboti wa kituo wanatisha vizuri kwa sauti yao ya upole na macho yanayong'aa, lakini kuwaangusha kwa rungu kunachosha; wapite, usipigane nao. Kwenye PS4 na Xbox One kulikuwa na jambo tamu ambapo kamera ya mashine ilisikiliza chumba chako halisi na dude likafuata kikohozi chako. Aliye na mashine hizo asinunue ya simu.

Kwa anayetaka kujua mapema kama gemu hii ni yake: misheni nne za kwanza ni za polepole, usiihukumu kwazo. Fika misheni ya 5, hospitali ya San Cristobal, ambako dude linakuwinda sawasawa kwa mara ya kwanza na huna silaha ya maana. Icheze kwa waya masikioni, taa ya chumba imezimwa. Ukitoka humo viganja bado vikavu, misheni 13 zilizobaki hazitavilowesha.