Kuhifadhi Jina Kwanza au Kusajili Moja kwa Moja?

Kenya, jina la kampuni huhifadhiwa kupitia eCitizen (tovuti ya huduma za serikali) kwa siku 30, na unaweza kuomba nyongeza ya siku 30. Njia hii inamfaa anayesubiri saini za wanahisa au PIN ya KRA (namba ya mlipakodi) ya mkurugenzi. Lakini jina lililohifadhiwa si kampuni: usichapishe mihuri wala kusaini mkataba kwa jina hilo. Muda ukiisha, mwingine anaweza kulichukua.

Ukiwa na nyaraka zote, sajili moja kwa moja. Andaa majina mbadala, maana yanayofanana sana na yaliyopo hukataliwa. Kuongeza “Kenya” au “Enterprises” mara nyingi hakusaidii. Njia yoyote utakayochagua, nembo ya biashara husajiliwa kando, KIPI (taasisi ya Kenya ya mali ya viwanda).