Smith & Wesson No. 1, bastola ya mfukoni ya tangu enzi za mababu: nimeimiliki, nimeipiga

Nakaa Marekani mwaka wa tisa sasa na silaha za kale nazipenda sana, basi mwaka jana nikajinunulia Smith & Wesson No. 1 toleo la tatu, yale yaliyotengenezwa Springfield, Massachusetts kati ya 1868 na 1882. Yangu nikeli imebabuka lakini silinda inazunguka na kutulia pake kila nikivuta nyundo. Yote inaenea kiganjani. Traiga haina kikingio, imejificha kwenye kibanda chake inachungulia tu kama jino la mtoto.

Kuijaza ndo raha yenyewe jamani. Unabonyeza lachi ya chini, mtutu unainuka juu maana bawaba iko juu, silinda unaitoa mkononi kabisa, maganda yaliyopigwa unayasukuma moja moja na kile kijiti cha chuma kilicho chini ya mtutu, unatia saba mpya unarudisha. Toleo la kwanza linatoka 1857 wenzao bado wanashindilia baruti na goroli kila tundu halafu fataki nyuma, we fikiria. Na mshindani wao Colt hakuweza kuiga, hataza (haki ya uvumbuzi) ya Rollin White ya 1855, ile ya silinda iliyotobolewa mpaka nyuma, ilikuwa kwa Smith & Wesson, walimlipa White senti 25 kila bastola, mpaka 1869 ilipoisha.

Sasa nguvu. Ni ndogo, niseme ukweli. Kichwa cha risasi hakifiki gramu 2, baruti nyeusi nyuma yake kama robo gramu hivi. Nimepiga ubao wa msonobari, vichwa viwili nikavitoa kwa ncha ya kisu. Fundi wa kiwandani hana kosa hapo, ni ile risasi yenyewe: unga wa fataki umepakwa ndani ya ukingo wa ganda na nyundo lazima iuponde huo ukingo ndo iwake, sasa ukingo ukiwa mnene haupondeki, ukiwa mwembamba hauhimili presha. Toleo la kwanza hata liliwekewa kisahani nyuma ya silinda kwa sababu maganda ya shaba yalikuwa yanavimba na kukwamisha mzunguko.

Kilichoniudhi ni duka niliponunua. Muuzaji akaniambia tia tu .22 short za kisasa, yaani risasi fupi za saizi hii hii zinazotengenezwa leo, zinaingia. Kuingia zinaingia kweli! Ila chuma hiki kilifuliwa kwa ajili ya baruti nyeusi, presha ya risasi za leo inaweza kukipasua usoni kwako, na mimi nilikuwa nimeshanunua boksi kabla fundi wangu hajanizuia. Nilizopiga ni za baruti nyeusi alizonitengenezea yeye.

Ya kujilinda siyo hii, usijaribu. Ila kama unataka kushika bastola iliyowafundisha Wamarekani kujaza risasi nzima kwa nyuma, nunua, lakini kabla hujalipa shika mtutu uutikise kushoto kulia, bawaba ikicheza hata kidogo mrudishie mwenyewe.