Ukuta mmoja wa rangi: ununue ipi?

Sebule nyingi za nyumba za kupanga zina kuta nne za krimu. Ukipaka rangi iliyokolea kwenye ukuta mmoja tu, ule wa nyuma ya sofa au TV usio na mlango wala dirisha, chumba kizima kinachangamka. Ila wengi huingia dukani wameshachagua bluu au kijani, hawajafikiria rangi yenyewe ni ya aina gani. Mimi naanzia kwenye aina.

Nafasi ya kwanza naipa rangi ya maji ya silki. Inang'aa kidogo tu, na mtoto akiushika ukuta kwa vidole vya mafuta ya chapati, unafuta kwa kitambaa kibichi na yamekwisha. Bei iko juu, lakini ukuta ni mmoja. Wenye mita 4 kwa 3 ni mita za mraba 12. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10, kwa hiyo mikono miwili, yaani kupaka mara mbili, inataka lita mbili na nusu hivi. Kopo la lita 4 linatosha na la akiba linabaki. Usikubali kuuziwa ndoo ya lita 20.

Ya pili ni rangi ya maji isiyong'aa, dawa ya ukuta wenye mabonde kwa sababu huficha kasoro za plasta. Ukisugua doa, ukuta unabaki na baka. Chumbani kwa kulala ningeiweka ya kwanza.

Ya mwisho, rangi ya mafuta. Niliipaka sebuleni Tabata, Dar es Salaam, bluu ya bahari, na mchana ilipendeza kweli. Jioni taa ilipowashwa, kila alama ya mwiko wa fundi ikajitokeza. Masika ilipoingia, chini ya ukuta kukavimba malengelenge, maana unyevu wa ndani haukuwa na pa kutokea. Hiyo ni ya milango na madirisha. Ukiinunua, tafuta isiyo na risasi, yale madini yenye sumu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi kwenye rangi isizidi sehemu 90 kwa milioni.

Kabla ya kulipia kopo kubwa, chukua lita moja, paka kipande cha futi mbili, ukitazame asubuhi, alasiri na usiku. Kijani cha zeituni kilichotulia mchana huweza kugeuka kijivu chini ya taa nyeupe. Ukishaamua, rangi ya kuchanganywa kwa mashine nunua yote siku moja, utunze na namba yake. Na kopo lifunguliwe mbele yako, maji yaongezwe kwa kipimo kilichoandikwa ubavuni.